Uzoefu wangu na baiskeli ya chuma iliyojengwa upya katika mtaa wa Kenya, Lubumbashi, kwa safari ya Kolwezi

Nimeiendesha baiskeli hii kutoka Lubumbashi hadi Likasi na kisha Kolwezi, mizigo ikiwa nyuma, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanaotamani kusafiri mbali kwa baiskeli hapa kwetu Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, lakini wanaamini kwamba ni lazima kwanza waagize chombo cha bei kali kutoka ng'ambo. Nilichonunua hasa ni huduma. Nilipeleka fremu ya zamani ya chuma, aina ya VTT, yaani baiskeli ya milimani, yenye magurudumu ya inchi 26, kwa fundi mmoja wa komini ya Kenya, karibu na soko, nikamwomba aijenge upya ili iweze kunibeba mimi pamoja na kilo 20 za mizigo kwa mamia ya kilomita. Maoni yangu ni kwamba fundi anayewahudumia wachukuzi wa makala, yaani mkaa, anajua mambo ya uzito na baiskeli kuliko duka lolote la mjini, ilimradi mteja ajue la kumwomba na la kumkataza.

La kumkataza lipo, kwa sababu mchukuzi wa makala hupanda baiskeli yake anapokwenda porini ikiwa tupu, lakini anaporudi mjini na magunia huisukuma kwa miguu, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine ukishika fimbo iliyofungwa nyuma. Baiskeli ya kusukumwa huvumilia uzito ambao baiskeli ya kupandwa haiwezi kuubeba bila kuyumba. Swali la kwanza la fundi wangu lilikuwa hilo hilo: "Papa, kinga hii utaisukuma ao utaipanda?" (kinga ndiyo baiskeli kwetu). Tangu hapo niliona kwamba nimefika kwa mtu anayefikiri kabla ya kushika spana.

Keria, kibebeo cha mizigo cha nyuma, ndiyo kazi iliyonifurahisha zaidi. Kwa desturi huundwa kwa nondo za ujenzi, na kwa makala mafundi hupenda nondo nene. Niliomba nondo ya milimita 8 badala ya 10, na tofauti si ndogo: mita moja ya nondo ya milimita 8 ina uzito wa takriban gramu 395, ilhali ya milimita 10 inafikia gramu 617, kwa hiyo keria inayotumia mita nne za nondo hupungua karibu kilo nzima kabla hujaweka mzigo wowote juu yake. Fundi alikunja miguu ya keria ikafika chini kabisa, kwenye nati za ekseli, uzito ukashukia moja kwa moja kwenye gurudumu badala ya kuning'inia kwenye fremu, kisha sehemu ya juu akaifunga kwa klempu na boliti. Nilimsihi asichomelee chochote kwenye fremu yenyewe, naye alikubali bila ubishi. Keria iliyofungwa kwa boliti hufunguliwa baiskeli inapopakiwa juu ya lori au basi, na mguu wake ukivunjika njiani, mchomeleaji wa kijiji chochote chenye jenereta ataurudisha.

Hiyo pia ndiyo sababu ninashikilia fremu ya chuma. Alumini ni nyepesi, lakini kuichomelea kunahitaji mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea, na mahali palipopashwa moto hupoteza nguvu. Chuma huchomelewa Fungurume, huchomelewa Kambove, huchomelewa popote. Heinz Stücke, Mjerumani aliyeondoka nyumbani kwao Hövelhof mwaka 1962 na kuendelea kuizunguka dunia kwa miongo mingi, alitumia baiskeli nzito ya chuma yenye gia tatu tu. Mpolandi Kazimierz Nowak, ambaye kati ya mwaka 1931 na 1936 alivuka bara letu kutoka kaskazini hadi kusini na kurudi, na Kongo ikiwa katika njia yake, alianza kwa baiskeli ambayo leo wengi wangeidharau, na pale isipofaa aliendelea kwa miguu, kwa farasi, kwa mtumbwi na kwa ngamia. Ninawataja kwa sababu kila nikionyesha baiskeli yangu kuna mtu anayeniambia kwamba safari kama hizi zinataka vifaa vya matajiri.

Gurudumu la nyuma linastahili maelezo marefu, kwa kuwa safari nyingi zenye mizigo huharibikia hapo. Kwenye gurudumu lenye gia, spoki za upande wa gia husimama wima zaidi na hukazwa zaidi kuliko za upande wa pili, kwa hiyo ndizo hukatika kwanza, na kuzibadilisha hulazimu kufungua friwili, yaani fungu la meno ya gia za nyuma, kazi isiyowezekana bila kifaa chake maalumu. Fundi alifumua gurudumu lote, akatia spoki mpya 36 za unene wa milimita 2, akaigeuza baiskeli juu chini na kuanza kunyoosha rimu bila mashine yoyote: alishika kipande cha chaki karibu na ukingo, akazungusha gurudumu polepole, na kila mahali chaki ilipogusa alikaza au kulegeza spoki za hapo kwa robo ya mzunguko. Baadaye alizipiga kwa ukucha moja baada ya nyingine, akisikiliza sauti, na iliyolia chini kuliko jirani zake aliikaza. Alifanya hivyo kwa utulivu mkubwa, hata mteja mwingine alipomwita mara mbili hakuinua kichwa. Gurudumu hilo limefika Kolwezi likiwa limenyooka.

Aliondoa pia ekseli yenye tundu, ile ya kufungua haraka kwa mkono, akaweka ekseli nzima ya nati. Kwenye haba (vitovu vya gurudumu) za friwili, upande wa gia beringi iko mbali na fremu, na ekseli dhaifu hupinda chini ya mzigo. Ndani alitia gololi mpya za robo inchi, tisa kila upande, pamoja na grisi ya kutosha. Haba ya gololi huru hufunguliwa kando ya barabara kwa spana mbili nyembamba, sifa ambayo katika nchi yetu ni kubwa kuliko wepesi.

Kasoro zipo na sitazificha. Kazi ilichelewa sana kuliko tulivyopatana, rangi ilianza kubanduka kwenye miguu ya keria kabla sijafika Likasi, na pedi za breki alizoweka zilikuwa ngumu kiasi cha kutoshika vizuri kwenye miteremko ya huko, hata nikalazimika kununua nyingine. Ninawashauri wengine wachague pedi wenyewe, zile laini, na wabebe jozi moja ya akiba. Mifuko ya turubai nilishonewa na fundi viatu wa jirani, na sina la kulalamikia.

Barabara yenyewe ina lami, kilomita 120 hivi hadi Likasi na takriban 180 zaidi hadi Kolwezi. Hatari yake ni malori ya shaba na kobalti. Mengi kati yake hutoka nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kwa hiyo dereva hukaa kulia wakati sisi tunaendesha kulia: anapokupita wewe anakuona vizuri kwa kuwa yuko karibu na ukingo, lakini anapotaka kulipita lori lenzake haoni mbele mpaka ajitokeze kabisa, naye anaweza kukujia uso kwa uso. Nilifunga kioo upande wa kushoto wa usukani, nikavaa fulana ya rangi kali, na kila nilipoona malori mawili yakifuatana kwa karibu kutoka mbele nilishuka lami mapema. Tairi pana, za inchi 1.95, ndizo zilizoniwezesha kushuka na kupanda ukingo bila kuanguka.

Mwezi wa Juni na Julai ndio msimu mzuri. Mvua imekwisha, upepo wa kusini-mashariki unakusukuma mgongoni unapoelekea Kolwezi, na joto la Oktoba bado liko mbali, ingawa usiku kuna baridi kali na blanketi jepesi halitoshi. Vumbi la msimu huo hula mnyororo. Tia mafuta kidogo tu, ufute yanayobaki nje, kwa sababu mafuta mengi hushika mchanga na kuwa tupa. Pima mnyororo kwa rula: pingili 12 kamili za mnyororo mpya zina urefu wa inchi 12, na zikizidi hapo kwa milimita 1.5 hivi, huu si wakati wa kuondoka nao. Maji ya mito iliyo karibu na migodi usiyanywe hata ukiyachemsha, kwa kuwa moto hauondoi madini. Jaza chupa kwenye visima vya vijiji au ununue. Kwa malazi, jitambulishe kwanza kwa mkuu wa kijiji au kwa parokia, ukiwa na kadi ya mpiga kura mkononi, na usipige picha karibu na migodi.

Ukitaka kuagiza kazi kama hii, mwendee fundi mwezi wa Aprili ili ucheleweshaji usile msimu. Nendeni pamoja sokoni kuchagua spoki na tairi, ulipie vipuri papo hapo, lakini ujira mlipe baada ya kuipakia baiskeli mizigo yote na kuiendesha hadi Kipushi na kurudi, kilomita 60 hivi. Ukirudi, mwombe akaze upya spoki na kila boliti ya keria mbele yako; wangu alifanya hivyo bila kudai malipo ya ziada.