Peroksaidi, mkaa wa dawa na mizani: vitu vya kemisti Malindi kwa mbwa aliyekula chokoleti

Malindi ina Wataliano wengi, na palipo na Mtaliano hapakosi chokoleti: ya kupaka mkate, ya yai la Pasaka, ya kunyunyizwa juu ya tiramisu. Nyumba zao za mtaa wa Casuarina zina mbwa pia, na mbwa hao huachiwa mpishi, msimamizi na askari wa usiku wenye nyumba wanaporudi kwao. Kwa hiyo anayemkuta mbwa na karatasi ya chokoleti mdomoni mara nyingi si mwenye mbwa, na wa kwanza kukimbiliwa ni kemisti wa karibu. Hapa tunapima vitu vinavyouzwa na makemisti na maagroveti: kipi kina kazi, kipi ni pesa ya kutupa baharini.

Kilicho bora kuliko vyote hakikai kwenye rafu ya dawa. Ni mizani ndogo ya jikoni, ya kidijitali, inayopima gramu moja moja. Sumu ya chokoleti ni theobromini, ikisaidiwa na kafeini kidogo. Mwili wa binadamu hupunguza theobromini kwa nusu katika muda wa saa saba hivi. Kwa mbwa, nusu hiyo huchukua saa 17 na zaidi, na wakati wote huo moyo wake unachapwa mijeledi. Lakini chokoleti zote si sawa, na mbwa wote si sawa, ndiyo maana bila uzito wa vitu viwili, chokoleti na mbwa, kila ushauri ni wa kubahatisha. Mbwa mpime kwa mizani ya kusimamia: simama naye mikononi, kisha simama peke yako, utoe.

Gramu moja ya chokoleti ya maziwa ina theobromini miligramu 2 hivi. Chokoleti nyeusi ya kawaida ina 5 na kitu, na ile chungu ya asilimia 70 hufika 8. Unga wa kakao mtupu ndio mbaya kuliko yote, miligramu 20 hadi 28 kwa gramu moja. Chokoleti nyeupe karibu haina kitu, mafuta na sukari tu. Sasa chukua mbwa wa kilo 12, hawa wa kawaida wa kulinda nyumba. Akila kipande kizima cha gramu 100 cha chokoleti ya maziwa, amepata miligramu 200, yaani kama 17 kwa kila kilo ya mwili. Gramu 100 hizo hizo za chokoleti nyeusi ni miligramu 46 kwa kilo. Na akilamba gramu 30 za kakao iliyomwagika jikoni, vijiko vikubwa vitano tu, amefika 65.

Kwenye 20 kwa kilo hutapika, huhara, hunywa maji bila kushiba na hatulii. Kuanzia 40 hadi 50 moyo huanza kwenda mbio au kuruka mapigo. Kwenye 60 huja mtetemo na degedege. Mbwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo usimsubirishe hata chini ya 20. Chokoleti ya kupaka mkate yenye hazelnati, ambayo lebo yake hutaja kakao asilimia 7.4, iko chini kidogo ya chokoleti ya maziwa. Kopo moja humsumbua mbwa mkubwa kwa mafuta yake kuliko kwa theobromini. Ile ya kuchanganya na maziwa ya moto nayo sehemu kubwa ni sukari. Usiichanganye na kakao tupu unapompigia daktari simu, maana kopo hufanana na hesabu haifanani.

Tuje kwenye peroksaidi. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 humtapisha mbwa kwa kuchoma kidogo utando wa tumbo na kutoa povu. Ni dawa ya kweli, lakini ina masharti mengi kuliko watu wanavyodhani, na sharti la kwanza ni chupa yenyewe. Kwenye makaunta hupatikana ya asilimia 3 na ya asilimia 6, na lebo nyingine hazitaji asilimia bali hutaja ujazo: 10 vol ni asilimia 3, 20 vol ni asilimia 6. Za saluni, za kupaushia nywele, hufika 30 na 40 vol. Hizo humuunguza mbwa koo na tumbo, na mbwa aliyeokolewa kutoka kwenye sumu ya chokoleti akafa kwa vidonda hajaokolewa. Ukifika kaunta sema wazi: “Dada, nipe peroksaidi ya asilimia tatu, ya vidonda, si ya nywele.” Ikiwa ipo ya 6 peke yake, ichanganye na maji safi kiasi kile kile, upate ya 3, na dozi uihesabu kwa mchanganyiko huo.

Jambo la pili ni joto la hapa kwetu. Peroksaidi huoza kwa mwanga na joto, ikabaki maji. Chupa iliyokaa miezi dirishani inaweza isifanye lolote ila kukupotezea nusu saa. Kata kiazi mbatata, dondoshea matone mawili kwenye nyama yake nyeupe. Povu likipanda hapo hapo kama sabuni, chupa i hai. Kiazi kikilowa tu kikanyamaza, itupe.

Dozi ni mililita 1 kwa kila kilo, na inaweza kufika 2 kwa kilo, lakini haizidi mililita 45 hata mbwa awe mkubwa kama ndama. Mililita 45 ni vijiko vikubwa vitatu. Mpe kwanza kipande cha mkate au tonge la ugali, kwa sababu tumbo lenye kitu hutapika vizuri zaidi kuliko tupu. Ingiza ncha ya sirinji pembeni, kati ya shavu na meno, usukume taratibu, kichwa kikiwa kimenyooka tu. Ukimwinulia kichwa juu kama unayemnywesha mtoto, povu huingia mapafuni. Mtembeze. Dakika 10 hadi 15 zikipita bila matapishi, rudia mara moja. Ya tatu haipo.

Na usimpe kabisa mbwa anayetetemeka, aliyelegea, aliyekwisha kutapika mwenyewe mara kadhaa, au wa pua bapa kama pagi na buldogi. Paka hapewi hata tone. Faida kubwa iko katika saa mbili za mwanzo. Chokoleti hugandana tumboni ikakawia kuliko chakula kingine, kwa hiyo baada ya hapo muulize daktari kabla hujakata tamaa. Kwa kweli muulize kabla ya yote. Simu ya dakika mbili haimcheleweshi mtu, na mwingine atakwambia umlete mbwa moja kwa moja, kwa kuwa sindano ya apomofini humtapisha ndani ya dakika chache bila kuchubua tumbo. Uamuzi wetu: chupa moja ya asilimia 3 iwemo ndani ya nyumba, kabatini gizani, na ibadilishwe kila msimu.

Mkaa wa dawa ndio unaotuudhi. Si kwamba haufai. Unga wake una vitundu vingi mno, theobromini hunasa humo badala ya kuingia damuni, na kwa kuwa sumu hii hurudi utumboni kwa njia ya nyongo, mkaa huweza kuinasa mara ya pili. Tatizo ni namna unavyouzwa. Kinachopatikana kwa urahisi ni vidonge vya gesi tumboni, miligramu 250 kila kimoja. Mbwa wetu wa kilo 12 anahitaji gramu 1 kwa kilo kwa uchache, gramu 12, ambazo ni vidonge 48. Karibu karatasi tano za vidonge kumi kumi! Anayenunua sita na kuvificha ndani ya kipande cha nyama amempa mbwa nyama. Vingine vimechanganywa na dawa nyingine za gesi, hivyo viache.

Ukiagiza, agiza unga, kopo lililoandikwa gramu, na upime kwa mizani ile ile. Koroga kwa maji mpaka uwe mwepesi kama uji wa mtoto. Mkaa wa jikoni wa gunia, hata ukiutwanga ukauchekecha, si huu. Haukuchomwa kwa njia ya kufungua vile vitundu, na utamfunga mbwa choo bure. Na mkaa wa kweli hupewa mbwa aliye macho kabisa, anayemeza vizuri, na aliyekwisha kuacha kutapika, maana ukiingia mapafuni hautoki. Dozi ya kurudia ni ya daktari kuamua: huvuta maji mwilini na kupandisha chumvi ya damu, hasa ule uliotiwa sobitoli, kitamu kinacholegeza choo. Fanyia kazi hiyo nje, kwenye mchanga. Kuta za chokaa nyeupe za nyumba zetu hazisahau mkaa uliopigwa chafya.

Sirinji kubwa ya mililita 50 au 60, isiyo na sindano, ni rahisi na haina mbadala. Kijiko humwaga nusu. Nunua mbili, moja ya mkaa ibaki ya mkaa. Glovu nazo chukua boksi. Kwa wenye kuchunga udhu, mate ya mbwa yana hukumu yake, na hakuna sababu ya mpishi kusitasita wakati dakika zinakwenda. Kipimajoto cha kidijitali kinafaa zaidi ya kinavyoonekana, kwa kuwa mbwa aliyesisimka mchana wa Machi hupanda joto haraka. Kawaida yake ni 38.3 hadi 39.2. Akipita 39.5 mweke kivulini penye upepo, mlowanishe tumbo na nyayo, na usimfungie kibandani kwa askari chini ya mabati. Mapigo ya moyo yahesabu kifuani, nyuma ya kiwiko cha kushoto, sekunde 15 mara nne. Yakizidi 160 hali amelala ametulia, hiyo ni safari ya daktari.

Vya jikoni tuvipitie upesi. Maziwa si kiuasumu, huongeza mafuta tu. Mafuta ya nazi huteleza mpaka mapafuni. Dafu halina dhara la maana wala dawa. Chumvi ndiyo ya kuogopwa: kijiko cha chumvi cha kumtapisha mbwa kinaweza kumuua kwa njia yake chenyewe, chokoleti ikabaki kusingiziwa.

Kuna tiba moja isiyouzwa na inayosahaulika. Theobromini hutoka na mkojo, lakini mkojo ukikaa kibofuni hufyonzwa tena kurudi damuni. Mtoe mbwa nje akojoe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku kucha, maji safi yakiwa karibu. Askari wa usiku anaiweza kazi hii kuliko mtu yeyote nyumbani. Dalili kwa kawaida hujitokeza saa 6 hadi 12 baada ya kula, na kwa sumu nyingi huweza kuvuta siku tatu, kwa hiyo mbwa anayecheza saa mbili baada ya kula hajapona, hajaanza.

Huduma ya daktari wa mifugo ndiyo kiungo chenye pengo. Theobromini haina kiuasumu. Anachofanya daktari ni kumtapisha, kumtundikia dripu, kutuliza degedege kwa diazepamu na moyo unaokimbia kwa dawa kama propranololi. Madaktari wengi wa pwani hii wameshika zaidi ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo ulizia mapema, kabla ya Pasaka na si usiku wake: una apomofini? Unatundika dripu usiku? Aliye nyuma ya kaunta ya agroveti si lazima awe daktari. Sheria ya 2011 inataka asajiliwe na Bodi ya Mifugo ya Kenya, na kumuuliza namba yake si kumvunjia heshima. Mombasa ni kilomita 120 hivi, mwendo wa zaidi ya saa mbili, kwa hiyo mbwa wa Malindi aliyekula kakao hutapishwa hapa hapa kwanza, kwa idhini ya daktari kwenye simu. Wa Lamu ni wagumu zaidi: kwenda bara ni boti mpaka Mokowe, na zahanati ya punda iliyoko tangu 1987 ni ya punda, basi piga simu kabla ya kumbeba mbwa hadi mlangoni.

Soma pia karatasi ya ndani. Chokoleti “isiyo na sukari” ikiwa na zailitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ni janga jingine: gramu 0.1 kwa kilo hushusha sukari ya damu, na dalili zinaweza kuanza ndani ya nusu saa. Panetone, mkate mtamu wa Kitaliano wa Krismasi, ina zabibu kavu, ambazo huharibu figo. Na yai la Pasaka huja na karatasi ya fedha na utepe. Utepe ukiingia utumbo mwembamba ni kisu cha upasuaji. Mafuta ya chokoleti nayo huweza kuwasha kongosho siku moja hadi tatu baadaye, kwa hiyo siku hizo ni wali mweupe na kuku asiye na ngozi, kidogo kidogo, na mabaki ya pilau yapite mbali.

Unapokwenda kwa daktari chukua karatasi yote ya chokoleti, hata iliyotafunwa, itie kwenye bahasha, na juu yake andika kwa kalamu: uzito wa mbwa, gramu zilizokosekana, saa aliyokula, saa na mililita za peroksaidi, na kilichotoka.