Kubadilisha kitambaa cha meza ya pool: fundi huyu mpeni raba tu, jiwe msimpe

Kitambaa cha meza ya pool hakijinyooshi chenyewe. Naandika hili kwanza kabla hasira haijapoa, maana ndilo jibu nililopewa na fundi aliyenibadilishia kitambaa, nilipomwonyesha mkunjo kwenye shimo la katikati. "Dada, utanyooka wenyewe, wewe cheza tu." Huku anafunga begi la vifaa.

Meza yangu chini ya kitambaa ni jiwe, vipande vitatu, na chini ya jiwe hakuna mbao ya kupigia pini. Kitambaa lazima kigandishwe kwa gundi ubavuni mwa jiwe, na hapo ndipo anapojulikana fundi na mbabaishaji. Gundi ya kupuliza inapigwa kote kuwili, ubavuni mwa jiwe na kwenye ukingo wa kitambaa upande wa chini, kisha unasubiri hadi ukigusa inanata bila kukulowesha kidole. Bwana huyu alipuliza jiwe peke yake, akabandika palepale gundi ikiwa mbichi, akaanza kuvuta. Tena jiwe lenyewe lilikuwa bado na magamba ya gundi ya zamani na vumbi la choki. Alilipitishia tambara kavu, basi.

Nikauliza mbona hasubiri. Hakunijibu mimi. Alimgeukia msaidizi wake: "Wateja wa siku hizi wanasoma sana." Msaidizi akacheka. Nami nikameza, kwa sababu meza yangu ilikuwa imefumuliwa na raba, zile kingo zinazorudisha mpira, zimeegemezwa ukutani. Utagombana vipi na mtu ambaye nusu ya meza yako iko mikononi mwake?

Haki yake nimpe, raba alizivalisha vizuri mno. Ule ubao mwembamba unaobana kitambaa kwenye mfereji aliugonga taratibu, kipande kwa kipande, na kwenye pembe alikunja kitambaa hata huoni kilipoishia. Viungo vya jiwe alivijaza nta, akakwangua mpaka ukipitisha kiganja huhisi kitu. Jioni ile nilicheza nikasahau maudhi yote. Kitambaa kilichovutwa vizuri hukimbiza mpira, na mpira mweupe ulikuwa unakwenda, unagonga raba, unarudi bila kuchoka. Nilikuwa tayari kumsifia kwa watu!

Haikuchukua muda. Ukiinama mpaka jicho liwe sawa na kitambaa, unaona wimbi linaanzia kwenye mdomo wa shimo la katikati na kuingia ndani kama urefu wa kiganja. Mpira wa nguvu unapita. Mpira wa polepole ukifika pale unapinda kidogo, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Nikachungulia ubavuni, kitambaa kimeachia. Ukikivuta kwa kucha kinatoka na unga mweupe wa choki nyuma yake. Gundi ilishika vumbi, haikushika jiwe.

Nikampigia. Akasema tatizo ni mipira yangu, eti mizito. Mipira ya kipimo cha mashindano kabisa, gramu 156 hadi 170! Sasa alitaka nichezee malimau? Nilipopiga tena hakupokea.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumpa nyota tatu, kwa ajili ya zile raba na ile nta. Labda gundi ilikuwa mbovu, nikajiambia, hutokea. Lakini gundi haikumwambia asisafishe jiwe, wala haikumwambia anicheke nyumbani kwangu. Nyota mbili, basi.

Juzi nimemwita fundi mwingine aangalie kama pale panaweza kuvutwa na kugandishwa upya. Akaingiza kidole shimoni, akatikisa kichwa. Kumbe kitambaa cha pale kimekatwa kifupi, hakuna cha kushika ukavuta. Mikato ya kitambaa kwenye shimo nayo imepanda juu mno, ukivuta zaidi itatokeza mezani. Kitambaa cha jiwe kinatupwa, kinanunuliwa kingine, na ili kitolewe raba zote zifunguliwe upya.

Nyota moja. Na hiyo ni ya raba.