Super VC10 ya kujenga na kurusha: seti nzuri, mkia mzito

Nianze na hukumu, maana najua wengi mtasoma mistari michache kisha mkimbilie kuuliza bei. Kama umeshajenga ndege kadhaa za mfano za balsa (ubao mwepesi) na zikaruka, seti hii ya mfano wa Super VC10, ndege ya abiria ya Uingereza, unaorushwa kwa rimoti, inastahili hela yake. Kama ndiyo kwanza unaanza, iache kwanza.

Nimeinunua kwa fundi mmoja wa hapa Uingereza anayezitengeneza kwa oda, peke yake. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu nina malalamiko mawili matatu humu na mwenyewe ni muungwana.

Kipimo ni 1:30. Super VC10 halisi ilikuwa na urefu wa mita 52.32, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili mita 44.55. Kwa hiyo mfano unatoka na urefu wa mita 1.74 hivi, na mabawa karibu mita moja na nusu. Yangu ikiwa na betri ndani inakaribia kilo 3. Kwenye boksi unakuta mbavu na fremu za balsa na plaiwudi zilizokatwa kwa leza, pua na makasha ya injini ya fibagilasi, vioo vya plastiki vya chumba cha rubani, na michoro. Feni (zinazosukuma ndege badala ya injini za jeti), mota, sevo (vimota vya kuendesha usukani), betri na magurudumu ni juu yako, na hizo kwa pamoja zilinigharimu zaidi ya seti yenyewe.

Kwa nini VC10 na si Boeing? Waliokua Nairobi, Dar au Entebbe miaka ya sitini na sabini hawaulizi. East African Airways ilianza na jeti za Uingereza za Comet 4 mwaka 1960, kisha kuanzia 1966 ikaleta Super VC10, zenye simba mkiani. Na ndege yenyewe ilichorwa kwa ajili ya viwanja kama vyetu: BOAC, shirika la ndege la Uingereza la enzi hizo, walitaka ndege itakayopaa ikiwa imejaa kutoka penye joto na mwinuko, ambako hewa ni nyepesi na njia ya kurukia si ndefu. Ndiyo maana injini nne za Rolls-Royce Conway zilipelekwa nyuma, bawa likabaki tupu, likawekewa flapu kubwa (vibapa vinavyoshuka) nyuma, na slati, vibapa vya aina hiyo vya mbele, karibu urefu wake wote. Kwa abiria ilikuwa raha, kelele zote zilibaki nyuma. Kwa anayejenga mfano, hapo ndipo kazi ilipo.

Makasha ya injini ndiyo kitu bora kuliko vyote katika seti hii. Kila upande una kasha moja lenye midomo miwili, na fundi ameupata ule mkunjo wa katikati, pale midomo inapokutana, ambao michoro mingi ya bei rahisi huunyoosha tu. Nilipitisha msasa laini ndani ya midomo hadi kidole kikawa kinateleza bila kukwama, na feni za milimita 50 zikaingia vizuri, mbili kila upande, bila kukata kitu. Tatizo ni la wote wanaojenga ndege za namna hii: mdomo ukiwa wa kipimo sahihi, feni haipati hewa ya kutosha. Fundi ameweka alama chini ya kasha pa kutoboa tundu la ziada. Litoboe. Ndege ikiwa chini halionekani, na ikiwa juu mlio wa feni ukipanda bila kukohoa utajua hewa inaingia.

Sasa mkia. Feni nne, mota nne na pezi refu lenye bawa dogo juu yake, vyote viko nyuma kabisa. Maelezo yanadai ukizisogeza betri puani huhitaji uzito wa risasi. Si kweli, angalau kwangu haikuwa. Betri zote mbili ziko mbele kabisa, nyuma tu ya chumba cha rubani, na bado ilibidi niongeze kama gramu 150 za risasi puani ndipo mizani, yaani pale ndege inapojisawazisha, ikakaa kwenye mstari wa mchoro. Kila gramu unayoipunguza mkiani inakupunguzia risasi ya mbele, kwa hiyo nilitupa ubao wa plaiwudi uliokusudiwa kuwa uti wa pezi nikaweka kijiti cha kaboni, na sevo nikaiweka ndogo kuliko iliyopendekezwa. Fundi angeweza kufanya hivyo mwenyewe tangu mwanzo. Kaboni si ghali siku hizi.

Nalisisitiza hili la mizani kwa sababu mkia wa herufi T una tabia yake. Pua ikipanda kupita kiasi hadi bawa liache kubeba, hewa iliyovurugika nyuma ya bawa inaufunika mkia ulioko juu, na hapo usukani haujibu. Waingereza walilipa gharama kubwa kuliona hilo: tarehe 22 Oktoba 1963 BAC One-Eleven ya kwanza, ndege ya abiria yenye mkia wa namna hiyo, ilianguka Wiltshire ikiwa katika majaribio, na wote saba waliokuwemo wakafa, akiwemo rubani Mike Lithgow. Mfano wa kilo tatu hautaua watu saba, lakini tabia ni ileile, na mizani ikiwa nyuma mno ndivyo inavyokuja upesi zaidi. Mchoro wa seti unaonyesha mstari wa mizani na basi, bila neno la tahadhari. Hilo ni lalamiko langu kubwa.

Angani, hata hivyo, inafurahisha. Injini ziko juu ya mstari wa katikati, hivyo ukiongeza nguvu ghafla pua inainama. Nimepanga rimoti inyanyue pua kidogo feni zinapopanda, na tabia hiyo imeisha. Flapu zikishuka zote, inaelea taratibu kabisa kuja kutua, kwa utulivu ambao sikuutarajia kwa ndege yenye feni. Betri nazitumia dakika nne tu, kisha natua. Feni nne zinakula umeme bila huruma, na sitaki kuizungusha tena uwanja mkia mzito huo ukiwa hauna nguvu nyuma yake. Jamaa mmoja hapa klabuni ana Comet 4 ya ukubwa unaokaribiana. Injini za Comet zimefichwa kwenye mashina ya mabawa, karibu na mizani, na yake haina kilo hata moja ya maringo haya. Anayeanza na ndege za Uingereza za enzi hizo aanzie huko.

Stika ni za BOAC na za jeshi la anga la Uingereza tu. Niliomba za East African, nikajibiwa baada ya kusubiri sana kwamba hazipo, nikachapisha zangu. Nikachagua namba ya usajili 5H-MMT, na si kwa uzalendo wa Kitanzania peke yake. East African ilipovunjika mwaka 1977 ndege hiyo ilirudi Uingereza, ikageuzwa kuwa ya kujazia mafuta ndege nyingine angani kwa namba ZA147, na tarehe 25 Septemba 2013 ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani. Ajabu ni kwamba muuzaji anaweka rangi za jeshi kwenye boksi bila kujua ameshafika nusu ya njia.

Ukitafuta picha za karibu za kulinganisha, nenda makumbusho ya ndege ya Duxford, pana Super VC10 halisi, G-ASGC. Brooklands, mahali zilipotengenezwa, pana ile ya Sultani wa Oman, A4O-AB, nzuri mno kwa makasha na pezi. Ila hiyo si Super, ni VC10 ya kawaida: ni fupi kwa karibu mita nne na mkaao wa madirisha hautalingana, kwa hiyo usiitumie kupima kiwiliwili.

Kwa walioko Uingereza, kujiandikisha CAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na kubandika namba kwenye ndege ni lazima kabla ya kurusha, na bima unaipata ukijiunga na BMFA, chama cha warushaji wa ndege za mfano. Mabawa yanafunguka kwa skrubu mbili, lakini kiwiliwili ni kipande kimoja. Pima gari lako kwanza: kwenye langu, pua inakaa juu ya kiti cha mbele na abiria anasafiri nyuma.