Deni si langu, simu si yangu, ila aliyelistiwa CRB ni mimi

Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule dada wa ofisi ya CRB, hawa wanaoweka rekodi za mikopo ya watu na nani hajalipa. Hawa wenye app ya mikopo sina cha kuwapa.

Nilitaka mkopo wa benki niongeze mzigo, nauza vitambaa soko la Kongowea, Mombasa, makaratasi yote yako sawa, afisa akaangalia kompyuta yake akanambia mama umelistiwa, una deni la shilingi 3,400 hujalipa. Deni gani? App yenyewe sijawahi hata kuiweka kwa simu. Nikaitisha ripoti yangu ya CRB (kila mwaka una haki ya moja bure, usikubali mtu akuuzie). Jina langu, kitambulisho changu, halafu nambari ya simu siijui hata ni ya nani. Mtu keshajikopea kwa kitambulisho changu, na kopi zake zimezagaa kila mahali, mara fotokopi, mara geti la jengo. Na deni lingekuwa chini ya 1,000 wasingeruhusiwa hata kunilisti, ndio kanuni tangu 2020, sasa huyo mwizi naye hakunihurumia.

Nikawapigia wenye app. Kapokea kijana anatafuna kitu. Nikamwambia mnatakiwa kunipa notisi siku 30 kabla ya kunilisti, yangu iko wapi? Ati tulituma meseji. Kwa nambari gani? "Ile iliyochukua mkopo." Yaani wamempa mwizi habari kwamba mimi nitalistiwa! Namweleza ile nambari si yangu, kanyamaza, anatafuna, halafu ndio ananambia, "Mama, si ni elfu tatu tu, lipa kwanza jina litoke, halafu utalalamika."

Elfu tatu tu! Kama ni tu si alipe yeye? Nikilipa si nimeshakubali deni ni langu, na kulipa kwenyewe hakufuti kitu, ile rekodi kwamba ulichelewa inakaa miaka mitano benki wanaiona. Kijana mzima kakaa kwa dawati la malalamiko hajui hilo, au anajua ndio mbaya zaidi. Nikamkatia simu kabla sijamtukana.

CRB nilienda na hasira zangu zote, nikakutana na dada mpole hata sikupata wa kumgombeza. Kanijazisha fomu ya kupinga, bila malipo, nikaambatanisha abstrakti ya polisi (karatasi ya kuonyesha nimeripoti), akanambia wakishindwa kumaliza uchunguzi kwa siku 21 lile deni linatakiwa litolewe. Na kweli lilitoka! Siku hiyo ningewapa nyota nne nawaambia.

Kisha benki wakataka cheti cha kuonyesha niko safi, na cheti ni elfu mbili na ushei. Nalipia kuthibitisha sikukopa nisichokopa, hela inazidi nusu ya lile deni lenyewe. Nyota zikarudi mbili.

Sasa sikia hii. Kampuni za CRB si moja, na app ilipeleka jina langu zaidi ya moja, ila kusahihisha wamesahihisha pale nilipolalamika tu. Benki ya pili niliyoenda wanatumia ile nyingine, na huko bado nadaiwa 3,400. Kesho naandikia Benki Kuu, na yule kijana wa app sasa yeye ndiye ananitafuta, simu zake zikiingia sipokei.