Unga wa seria wa michemraba nano: nyota 4, ila msiuchome sana

Wenzangu mnaohangaika na membreni za seramiki za kupitisha oksijeni (vile viwambo vinavyoichuja oksijeni kutoka kwenye hewa), huu unga wa seria (oksidi ya seriamu) yenye gadolinia (oksidi ya gadoliniamu) asilimia 10, ule unaouzwa ukiwa tayari na umbo la michemraba ya nanomita, nimeutumia vya kutosha kwahiyo ngoja niwape ukweli wake maana bei inauma kwelikweli na lebo inaahidi makubwa.

Umbo lipo, hawajadanganya. Niliupeleka kwenye maikroskopu ya elektroni kabla sijauchanganya na chochote, nikakuta michemraba yenye pembe kali, saizi zinakaribiana, takataka chache sana. Aliyewahi kutengeneza mwenyewe anajua shughuli yake, nitrati ya seriamu ndani ya sodiamu haidroksaidi kali, unafungia kwenye chombo cha presha nyuzi 180 saa 24, ukichemshia nyuzi 100 unaambulia vifimbo, na hapo bado gadolinia haijakaa sawasawa. Kwa kazi hiyo tu hela wanastahili.

Kuubana sasa ndo mtihani. Ni mwepesi, una madonge, ukiubana mkavu kwenye kalibu ya chuma kidonge kinatoka kimeachana tabaka kama chapati ya kusokota. Weka PVA (gundi ya plastiki inayoyeyuka kwenye maji) kidogo, chekecha, bana taratibu na uachie presha taratibu, utakaa.

Lakini jamani hapa ndo pa kusikiliza. Membreni haitakiwi iwe na tundu, oksijeni inapita kama ioni (atomi zenye chaji) zinazorukia nafasi tupu ndani ya fuwele yenyewe, tundu likiwepo naitrojeni nayo inapita na hapo huna membreni tena. Kwahiyo lazima uchome mpaka ijae, msongamano uzidi asilimia 95 ya ule wa seramiki isiyo na tundu kabisa. Unga wa kawaida unataka nyuzi 1400 hivi, huu unajifunga chini ya hapo, safi sana, ila ukishajifunga michemraba imekwisha, nilikata kidonge nikaangalia, chembe zimekua na kushikana, hakuna hata pembe moja ya mwanzo. Anayenunua akidhani membreni nzima itabaki na lile umbo anatupa pesa.

Pa kuutumia ni juu, kwenye ngozi. Membreni ikishakuwa nyembamba sana kinachochelewesha sio safari ya ndani tena, ni pale juu molekuli ya oksijeni inapotakiwa kuvunjika na kuingia, na nyuso za mchemraba zinaachia na kupokea oksijeni kirahisi kuliko zile za chembe zenye nyuso nane. Mimi mwili natengeneza kwa unga wa bei rahisi uliochanganywa na ferraiti (oksidi yenye chuma) ya kubeba elektroni (seria peke yake kwenye hewa elektroni haipitishi vizuri), nachoma mpaka ufunge, halafu huu wa michemraba napaka juu kidogo tu na kuuchoma nyuzi 700. Pembe zinalika kidogo ila umbo linabaki, na oksijeni inayotoka upande wa pili imeongezeka kwa joto lilelile. Mnaoendesha membreni nyuzi 850 kwenda juu msitegemee hilo kudumu.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya cheti cha usafi wa unga. Hakitaji silika wala sodiamu iliyobaki, na silika hata ikiwa kidogo inajikusanya kwenye mipaka ya chembe na kuziba njia ya ioni. Dai hizo namba kwa muuzaji kabla hujalipa.