Honda CR-V ya 1998 inayokataa kuwaka jua likichoma: uzoefu wangu na rilei ya pampu

Kama uko na Honda ya zamani, ikikaa juani inakataa kuwaka halafu jioni inawaka kama haijawahi kukukosea, tafadhali usinunue pampu ya mafuta kwanza. Mimi nilinunua. Pampu, betri, plagi nne na filta, na ugonjwa ulikuwa kwa rilei, kiboksi kidogo chini ya dashibodi, swichi inayopelekea pampu stima, ambacho kilitengenezwa na shilingi 300.

Gari ni CR-V ile ya kwanza kabisa, injini B20B, otomatiki, rangi imeshaanza kuchoka kwa boneti. Nauza mitumba, na Jumapili ndio siku yangu kubwa pale soko la Kibuye, Kisumu, nafika mapema na mafurushi, naegesha mahali nimepata, na mahali nimepata huwa hakuna mti. Asubuhi gari inawaka nikigusa tu. Saa saba mchana nikitaka kukimbia nyumbani nichukue mzigo mwingine, stata inazunguka vizuri, nguvu iko, krrr krrr krrr, lakini injini haishiki. Unapiga tena, wapi. Wateja wanakuangalia, kuna mmoja lazima aseme "mama, mafuta iko kweli?" na yule mwingine anataka kusukuma, otomatiki jameni, utasukuma mpaka Mamboleo na haitawaka.

Nikagundua kitu mapema sana, na kila fundi nilimwambia na hakuna aliyenisikiza. Nikifungua milango yote nne na buti, niache upepo upite robo saa hivi, inawaka. Sio kwa bahati, kila mara. Fundi wa kwanza akacheka, akasema mama hiyo ni betri imechoka. Sasa betri imechoka na stata inazunguka hivyo? Lakini mimi sio fundi, nikanunua betri. Wiki mbili baadaye niko Kibuye tena milango wazi kama naanika godoro.

Gereji ya pili, sitaitaja, ndio ilinichoma zaidi. Walibadilisha plagi na filta, ikakataa tena, ndio wakaniambia ni pampu, kwa sababu pampu ikipata joto inalegea. Ilisikika kama maneno ya mtu anajua. Nikalipa 6,500 na kazi juu. Ilikuwa wakati wa mvua, ikakaa karibu mwezi mzima bila shida, nikawasifu kwa watu, hata shemeji nikamtuma huko. Mvua ikaisha, jua likarudi, na gari ikarudi kwa tabia yake. Kurudi kwao wakaunganisha kiwaya fulani chini ya dashi, wakatazama ile taa ya injini kama inapepesa, wakasema kompyuta haina kosa lolote. Wakaniambia eti labda ni mafuta ya kituo ninachotumia. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu walinipa kiti.

Halafu kuna safari ya Nakuru, hapa ndio nilikaribia kuamini nimerogwa. Nilipeleka gari kwa fundi mmoja wa huko aliyesifiwa sana na binamu yangu. Kutoka Kisumu mpaka Kericho, Mau Summit, Salgaa, Nakuru, nimesimama mara nne na kila mara inawaka. Fundi akakaa nayo siku mbili, anawasha, anazima, anawasha. Hakuna kitu. Akaniambia kwa heshima, "mama, gari yako ni nzima, rudi nayo tu," na hakunilipisha hata shilingi, huyo namheshimu mpaka leo. Kumbe shida haikuwa kwake, ilikuwa baridi. Nakuru iko juu zaidi ya mita 1,800, huku kwetu kando ya ziwa ni kama 1,130, na hiyo tofauti unaisikia kwa ngozi ukishuka tu. Nimerudi nayo nikiimba, nikafika Ahero saa nane mchana, nikasimama kununua mchele, nikakutana na mama tunayejuana, tukaongea kama dakika arobaini. Unajua kilichofuata.

Hapo Ahero ndio nilipata mtu. Muuza mchele akampigia simu kijana wake, fundi wa waya, akaja na bodaboda, kwa mkono ako na tesita (kataa ka kupima kama waya ina stima), bisibisi na kamfuko kadogo, basi. Nikaona huyu naye atanifanyia nini. Hakufungua boneti. Aliniuliza tu, "Anti, ikikataa, ukifungua milango inakubali?" Nilitaka kumkumbatia.

Akaniambia nizime redio, nifunge mdomo (alisema kwa adabu, lakini ndio hiyo), niweke ufunguo on bila kupiga stata. Yeye akaweka sikio kwa kiti cha nyuma. Taa ya injini ikawaka, ikakaa sekunde 2 hivi, ikazima. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema, "Umesikia?" Nikamwambia sijasikia kitu. "Ndio hiyo shida, hujasikia kitu." Ukiweka ufunguo on, pampu inafaa ilie mmmm kwa hizo sekunde 2, inajaza mafuta kwa laini kabla hujapiga stata, halafu inanyamaza. Yangu ilikuwa kimya kama maji ya mtungi. Akatafuta waya inayopeleka stima kwa pampu, akaweka tesita, haikuwaka. Maana yake pampu haina makosa, haijapewa stima tu. Fikiria 6,500 yangu hapo.

Sasa akalala chali pale kwa miguu ya dereva, kichwa chini ya usukani, akaniambia weka on. Nikaweka. Akagonga kitu huko juu na mpini wa bisibisi, tok, na kule nyuma nikasikia mmmm. Akasema piga. Ikawaka mara moja. Muuza mchele akapiga makofi.

Alifungua bolti moja, spana namba 10, akachomoa soketi, akanipa nishike. Kiboksi cha plastiki kama cha kiberiti lakini kinene zaidi, miguu saba, na kilikuwa moto kama chapati imetoka kwa kikaango. Akanieleza kwamba ndani mna rilei mbili. Moja inapeleka stima kwa kompyuta ya injini na nozo zinazonyunyiza mafuta, ya pili inapeleka kwa pampu, na hiyo ya pili ndio kompyuta inaiamrisha iwake hizo sekunde 2 halafu iwake tena injini ikianza kuzunguka. Akabandua kifuniko pole pole na bisibisi, akageuza ubao wa ndani ulioshikilia hizo rilei. Mwanzoni sikuona kitu mpaka akaupindua kwa jua, ndio nikaona, kwa mguu mmoja solda imezungukwa na kaduara kembamba keusi, kama ufa wa ukucha. Haijakatika, imepasuka tu pembeni. Gari ikipoa huo ufa unagusana na stima inapita, ndani ya gari kukipata joto vitu vinapanuka na ufa unaachana. Miaka zaidi ya 20 ya kupata joto na kupoa, na kutikiswa na hizi barabara zetu, hata wewe ungepasuka.

Nikamuuliza si aunganishe waya moja kwa moja tu, kwa sababu fundi mmoja wa Kisumu alishawahi kunipa hiyo ideya, "tunapiga dairekti mama, unasahau." Akakataa kabisa. Akasema injini ikizima, hata kwa ajali, kompyuta inakata pampu kupitia hiyo rilei, sasa ukipiga dairekti na laini ya mafuta ipasuke, pampu itaendelea kumwaga petroli na wewe umekaa ndani. Sikuuliza tena.

Akanipa chaguo mbili, kununua nyingine au kusolda hii. Yeye hakuwa na kifaa cha solda hapo, akarudisha kifuniko, akanionyesha mahali pa kugonga ikikataa, akachukua 500 yake. Nikagonga mara moja tu, Nyamasaria, kwa kituo cha mafuta, mhudumu akiniangalia nimelala chini ya usukani na kitenge.

Kosa langu la mwisho, nikadhani kununua ndio salama. Duka la spea likaniuzia rilei ya kutolewa kwa gari nyingine kutoka Japani, 2,200, ikakaa miezi miwili na nusu, halafu tabia ile ile. Ukifikiria hata ni kichekesho, nimenunua kitu cha umri ule ule kilichopikwa kwa jua la mtu mwingine. Kama utanunua basi nunua mpya kabisa, na uangalie miguu na namba ifanane na yako. Rilei ya kutolewa naipa nyota mbili.

Ndio nikapeleka ile yangu ya zamani Kondele kwa kijana anayetengeneza redio na televisheni. Hajui chochote kuhusu magari na hakujifanya anajua. Akavaa ile lenzi ya jicho, akaangalia ubao, akasema, "Anti, sio huu mmoja tu, na huu pia umeanza." Akafyonza solda ya zamani kwa miguu yote, akaweka mpya, moshi na ile harufu ya utomvu, dakika kumi na tano kwisha, 300. Niliirudisha mwenyewe kwa gari, mgongo uliniuma siku mbili. Huyo kijana nyota tano, na yule wa Ahero ningempa sita kama zingekuwepo.

Imekaa sasa mwaka na miezi minne. Imepita Januari na Februari yote, na huku mnajua Februari ni nini. Haijakataa hata siku moja.

Kitu kimoja nisije nikawapoteza, hii ni ya gari ambayo stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki, na ufunguo ukiwa on huko nyuma ni kimya. Shemeji yangu, yule niliyemtuma gereji, alisikia hadithi yangu akataka kufungua dashi ya Corolla yake 110. Yake ilikuwa inafanya tak, tak, tak, stata haizunguki kabisa. Hiyo ni kitu kingine, kwake zile shaba za ndani ya stata zilikuwa zimelika, zikabadilishwa hizo tu, stata yenyewe ikabaki ile ile. Na kama pampu yako inalia vizuri na bado haiwaki, huenda rilei yako haina makosa kwa hilo, tafuta kwingine. Na hicho kipimo cha kusikiza mkifanye gari ikiwa imekataa hapo hapo, sio ikiwa baridi, baridi hata mimi ningekuambia gari ni nzima.

Sahii kila nikiingia nazima redio kwanza, naweka on, nasikiza ile mmmm, ndio napiga stata, wasichana wangu wananicheka eti mama anaomba. Kilichobaki ni kifuniko cha chini ya usukani, kale kashikizo nilikavunja nikirudisha kiboksi, kinapiga kelele barabara yote ya Kibos, nimekikunjia kipande cha kitambaa cha shati la mtumba na bado kinalia. Mwenye anajua mahali wanauza hako kashikizo peke yake bila kuniuzia dashi nzima aniambie.