Mikumi au Udzungwa?

Mbuga hizi mbili za Morogoro ni majirani, lakini ukihama moja kwenda nyingine utadhani umevuka nchi.

Mikumi (ilianzishwa 1964) huhitaji hata kushuka garini. Barabara kuu ya Tunduma inaikata katikati, na abiria wa basi humwona twiga bure kupitia dirishani. Uwanda wa Mkata ni nyasi, mibuyu na udongo mweusi ambao masika hunasa magari. Pembezoni kuna miombo. Tembo, nyati, pundamilia, simba: wote wa nafasi wazi.

Udzungwa (1992) ni miguu tu. Unapanda kutoka Mang'ula, jasho linakutoka, juu majani yamefunga anga. Hapa unasikia kabla ya kuona: tawi linatikisika, kisha mkia, kisha mbega mwekundu wa Iringa anakutazama kama mgeni asiyebisha hodi. Kima wa Sanje, ambaye sayansi ilimtambua 1979 tu, hapatikani porini nje ya milima hii. Na maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 hivi.

Wenye watoto wadogo, Mikumi. Mimi nachagua Udzungwa, magoti yakiruhusu.